Frateri, Niende Chuo Kikuu au VETA?



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika parokia moja ya mkoa wa Geita, si mbali sana na Katoro. Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa ya pili, binti mmoja wa kwaya alinisubiri pembeni ya sakristia. Alinisalimu, kisha akasema: "Frateri, nina swali. Ila usinicheke."

Matokeo yake ya kidato cha sita yalikuwa yametoka Julai. Alisoma HGL, akapata divisheni ya tatu. Alikuwa ameomba chuo kikuu na nafasi ameipata, shahada ya mambo ya utawala. Mkopo ulikuwa bado haujulikani. Baba yake alikuwa ameshauza ng'ombe wawili na ameshawatangazia majirani wote. Shida ni kwamba mjomba wake ana karasha kule Nyarugusu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na tangu kidato cha pili binti huyu likizo zake zote alikuwa akimshikia tochi fundi umeme wa pale. Alinieleza kwamba mota ya fezi tatu ikinguruma bila kuzunguka, cha kwanza unaangalia kama fezi moja imekatika. Alipokuwa akieleza hayo uso wake ulibadilika. Kwenye ule utawala alikuwa ameniambia jina la kozi tu.

"Mimi nataka VETA, nisome umeme. Nikimwambia baba ataniua. Niende wapi?"

Nilijibu haraka, kama tunavyojibu sisi tuliosoma. "Nenda chuo kikuu, dada. Ufundi utajifunza hata baadaye." Akasema, "Asante, Frateri," akaondoka. Nilivyomwona anavyotembea nikajua sijamsaidia kitu.

Jioni ile sikutulia, na sababu ni kaka yangu. Kaka anachomelea vyuma Kahama. Baba alipougua, yeye aliacha shule kidato cha pili, akaingia kwenye gereji ya mtu kama kibarua, akajifunza kwa kuangalia. Ada yangu ya seminari ndogo ilitoka kwenye mageti na madirisha aliyochomelea. Nilipomaliza shahada ya falsafa, nyumbani walifanya sherehe. Ndugu mmoja akasimama kutambulisha watu: "Huyu ndiye msomi wetu." Makofi. Alipofika kwa kaka akasema, "Na huyu... huyu yupo yupo tu mjini, anachomelea." Watu wakacheka, kaka naye akacheka. Meza kuu niliyokaa mimi aliichomelea yeye.

Mimi nilinyamaza. Nimeungama dhambi nyingi, lakini hiyo ya kukaa kimya ilinichukua muda kuitambua kuwa ni dhambi.

Basi Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule binti, nikamwomba radhi kwamba nilijibu kabla ya kusikiliza. Tulikaa chini ya mwembe wa parokia pamoja na katekista, tukaongea. Haya ninayokuandikia ni yale tuliyozungumza, na mengine nimeongeza baada ya kuyasali.

Tuanze na Nazareti. Fungua Marko sura ya 6, mstari wa 3. Yesu amerudi kijijini kwao, amefundisha katika sinagogi, watu wameshangaa hekima yake. Halafu wanaanza kuulizana kama huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu. Mara nyingi tunausoma mstari huu kama taarifa tu ya kazi aliyoifanya Yesu. Usome tena polepole. Wanazareti hawatoi taarifa, wanamshusha. Wanasema hivi: huyu tunamjua, ni fundi tu, haya maneno makubwa ameyatoa wapi? Na Marko anaandika kwamba walikwazwa naye. Neno la Kigiriki lililotumika pale, tekton, ni pana kuliko seremala: ni fundi anayejenga na kutengeneza, iwe kwa mbao au kwa mawe. Kwa hiyo Mwana wa Mungu alikaa sehemu kubwa ya maisha yake akiwa na kazi ambayo kijiji chake mwenyewe kiliitumia kama sababu ya kutomsikiliza. Niliposoma hapo nikamwona kaka yangu kwenye ile sherehe, na mimi nikiwa nimekaa upande wa Wanazareti.

Kuna sura nyingine ambayo sisi Wakatoliki tunayo kwenye Biblia yetu na hatuisomi: Yoshua bin Sira 38, kuanzia mstari wa 24. Mwandishi ni msomi, na anawaangalia mafundi kwa macho ya msomi. Anamtaja mkulima, mchongaji wa mihuri, mfua vyuma, mfinyanzi. Akimfikia mfua vyuma anaeleza jinsi joto la moto linavyomla mwili, kelele za nyundo masikioni, macho yakiwa yamekazwa kwenye umbo la kitu anachokitengeneza. Ukitaka kuiona aya hiyo ikitembea, nenda mtaa wowote wa mafundi Kahama saa nane mchana. Bin Sira anakiri kwamba bila watu hawa hakuna mji unaokalika. Anakiri pia kwamba hawaitwi kwenye baraza la watu wala hawakai kwenye kiti cha hakimu, na mwisho anasema kwamba sala yao imo ndani ya kazi ya mikono yao. Napenda kwamba haremba. Fundi anajenga mji na kwenye kikao haitwi. Hali hiyo tunayo mpaka leo, na binti yule aliijua kabla hajaniuliza. Ndiyo maana aliogopa nisimcheke.

Niruhusu neno moja la falsafa, kwa sababu ada yake imelipwa na mageti. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili kwa Nikomako, anataja njia tano ambazo kwa hizo roho ya binadamu huufikia ukweli. Sayansi imo, hekima imo, busara imo. Na ufundi umo. Fundi anayejua kwa nini mota haizunguki anaujua ukweli fulani wa dunia, na akili yake inafanya kazi sawasawa na ya kwangu nikisoma Aristotle. Tofauti ni kwamba mimi nikikosea hakuna anayepigwa shoti.

Sasa usinielewe vibaya. Sijaja kukuambia digrii ni karatasi. Maneno hayo yamejaa mtaani na wengi wanaoyasema wanazo digrii zao kabatini. Kanda yetu yenyewe inakanusha. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianza mwaka 1940, na aliyeligundua lile eneo ni John Williamson, Mkanada mwenye udaktari wa jiolojia. Bila vitabu vyake almasi ile ingeendelea kukanyagwa na ng'ombe wa Kishapu. Lakini akishaigundua, nani achimbe, nani afunge mashine, nani avute umeme, nani ajenge nyumba? Ni hivyo hivyo Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Kuna mjiolojia, kuna mhasibu, kuna daktari wa zahanati, na kuna fundi wa mitambo mizito ambaye asipokuwepo lori halitoki shimoni. Kama unataka kuwa daktari au mwalimu wa fizikia, hakuna karakana itakayokufikisha huko. Nenda chuo kikuu, usome kweli.

Ninachokataa ni kuchagua kwa aibu. Kijana anakwenda kusoma kitu asichokipenda, kwa mkopo, ili tu majirani wasiseme. Hesabu yake aifanye kabla. Mkopo wa Bodi ni deni. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Si jambo baya, kwa sababu fedha hizo ndizo zinazomsomesha mdogo wako anayefuata, na watoto wa maskini wengi tumesoma kwa njia hiyo. Lakini Yesu mwenyewe katika Luka 14 anamsema mtu aliyeanza mnara bila kukaa chini kuhesabu gharama, akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Ukikopa kwa ajili ya kuogopa kuchekwa, unaweza kuishia kuchekwa na deni juu.

Aibu inatupotosha hata upande wa pili. Wapo wanaokwenda VETA wakiwa wamekata tamaa, kana kwamba wamehukumiwa. Huyo hatakuwa fundi mzuri. Na ufundi nao una msalaba wake, tusidanganyane. Macho ya mchomeleaji asiye na miwani yanaharibika. Cheti bila boksi la vifaa kinakuacha unaomba testa ya jirani. Mwaka wa kwanza mtaani unaweza kupita ukiwa saidia fundi wa mtu aliyesoma kidogo kuliko wewe. Tena tuseme ukweli mbele ya Mungu: mafundi wetu wametuzoesha neno "njoo kesho". Ukiwa fundi Mkatoliki unayesema Ijumaa na kazi ikawa tayari Ijumaa, utakuwa umehubiri kuliko semina zetu nyingi.

Kuna mwalimu wa tatu huku kwetu, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi. Ni dhahabu yenyewe. Vijana wa Dodoma au Moshi wanachagua kati ya njia mbili. Wewe wa Rwamgasa, Mgusu au Kakola una ya tatu inayokupitia mlangoni kila siku. Unasikia kuna rashi mpya, duara la fulani limetema, kijana mliyesoma naye darasa moja kanunua pikipiki mbili kwa wiki. Usiku mmoja wa zali unafanya miaka mitatu ya chuo ionekane ujinga, na miaka miwili ya VETA ionekane mateso. Simsemi vibaya mchimbaji mdogo. Ni kazi halali, ina leseni zake, na tangu soko la madini lifunguliwe Geita mwaka 2019 anaweza kuuza dhahabu yake hadharani kwa bei inayojulikana. Na humo humo shimoni kuna ufundi: mtu anayejua kupanga matimba, zile nguzo za mbao zinazozuia duara lisiporomoke, ni mrithi halali wa Yosefu wa Nazareti, maana uhai wa wenzake umo kwenye shoka lake. Ninachosema ni kwamba anayeingia bila ujuzi wowote, akingoja zali tu, hajifunzi kitu. Duara likikauka anatoka kama alivyoingia, ila miaka imekwenda.

Mwangalie Buzwagi. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukafikia mwisho. Miaka kumi na miwili tu! Wapo waliotembea nje ya geti na ujuzi wao mikononi, wakachomelea, wakafunga umeme, wakatengeneza magari mahali pengine. Wapo wahasibu na wajiolojia waliofanya hivyo hivyo kwa elimu yao. Dhahabu inaisha, migodi yote ina tarehe. Kwa hiyo jiulize: hiki ninachotaka kujifunza, geti likifungwa nitatoka nacho?

Ngoja nimtaje mzee mmoja ambaye jina lake VIWAWA tunapaswa kulijua. Joseph Cardijn alizaliwa Ubelgiji mwaka 1882, katika familia ya kawaida. Aliwaomba wazazi wake asiende kiwandani bali asome awe padre, na wazazi wakakubali kuendelea kuhangaika ili asome. Aliporudi likizo kutoka seminari aliwakuta rafiki zake wa shule ya msingi wakiwa wafanyakazi wa viwandani, nao wakamwona ni mtu wa upande mwingine. Jambo hilo lilimchoma. Mwaka 1903 baba yake alipofariki, Cardijn aliapa kuyatoa maisha yake kwa ajili ya wafanyakazi. Kutoka hapo ukazaliwa utume wa vijana wafanyakazi, uliopata kibali cha Papa Pius XI mwaka 1925, na hatimaye ukatufikia. VIWAWA maana yake ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Wafanyakazi! Parokia nyingi neno hilo la mwisho tumeliweka kabatini, tumebaki na tamasha la kwaya na fulana.

Cardijn alitufundisha hatua tatu tunazozikariri kwenye vikao: Ona, Amua, Tenda. Papa Yohane XXIII alizitaja kwa kuzikubali katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Mara nyingi tunaruka ya kwanza. Yule binti alikuwa ameshaona: amekaa karashani miaka minne. Mimi niliamua bila kuona. Na kozi ya utawala hakuwahi kuiona popote, hajawahi hata kukaa siku moja na mtu anayeifanya kazi hiyo. Nilimpa zoezi: nenda ofisi ya kata, omba kukaa siku mbili tatu, angalia wanafanya nini. Halafu urudi karashani, lakini safari hii angalia mabaya yake: vumbi, kelele, wanaume wanaokutania kwa sababu wewe ni msichana umeshika bisibisi. Uzipime kazi mbili halisi, jina la heshima uliweke pembeni.

Mtakatifu Ignas wa Loyola anatoa njia moja ya kuamua ambayo mimi binafsi imenisaidia. Mfikirie mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema mbele ya Mungu, ana swali hilo hilo ulilonalo. Ungemshauri nini? Basi fuata ushauri wako mwenyewe. Nilimwambia afanye hivyo mbele ya Sakramenti Takatifu. Alikaa kanisani kama nusu saa, akatoka anacheka. "Frateri, huyo mtu nimemwambia aende VETA kabla hata sijamaliza kumfikiria."

Kuhusu mlango kufungwa, wengi mnaogopa kwamba ukienda ufundi umejifungia huko milele. Si kweli. Mafunzo ya ufundi stadi yana ngazi tatu, na ukimaliza ya tatu unaweza kuomba vyuo vya ufundi vya kati, kisha ukaendelea kupanda hadi shahada, vyuo kama DIT na Chuo cha Ufundi Arusha vipo kwa ajili hiyo. Njia ni ndefu lakini ipo. Kwa aliyejifunzia mtaani kama kaka yangu, VETA ina utaratibu wa kumpima mtu ujuzi alionao tayari na kumpa cheti. Nimemsumbua kaka mwaka mzima aende. Anasema mageti yake ndiyo cheti. Tunaendelea kubishana. Na wadogo zenu walioko sekondari, mtaala mpya umewaletea mkondo wa amali, kwa hiyo swali hili watakutana nalo mapema kuliko sisi.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka mzima juu ya kazi, Laborem Exercens, mwaka 1981. Alikuwa na haki ya kuuandika. Vita ilipofunga chuo kikuu chake Kraków, mwanafunzi huyo alikwenda kuvunja mawe machimboni, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kemikali cha Solvay. Anachosisitiza ni kwamba thamani ya kazi haianzii kwenye aina ya kazi, inaanzia kwa anayeifanya, kwa sababu ni mtu, mfano wa Mungu. Mshahara unaweza kutofautiana, ugumu unaweza kutofautiana, lakini hakuna kazi halali inayompunguza mtu utu wake. Kama mgeni akija nyumbani kwenu na ukaona haya kumtambulisha ndugu yako fundi, au ndugu yako aliyemaliza digrii na bado anauza vocha, waraka huo unakuhusu wewe kabla ya kumhusu yeye.

Limebaki suala la baba, na ndilo gumu. Amri ya nne haijafutwa. Kumheshimu mzazi, ukishakuwa mtu mzima, si kumwachia akuchagulie maisha, wala si kumkwepa, umwambie umeripoti chuo kikuu kumbe uko kwingine. Ng'ombe wawili wa Msukuma si mchezo, kijana. Pale pameuzwa jasho na jina. Tulikubaliana asiende peke yake. Alikwenda na mjomba wake na mwenyekiti wa jumuiya yao, akampigia baba yake magoti kama desturi ilivyo, akaeleza yote: gharama za huku, gharama za kule, alichokiona ofisi ya kata, alichokiona karashani. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na ukishindwa?" Binti akajibu, "Cheti changu cha form six hakiozi, baba. Nitaomba tena." Mzee akasema atakwenda VETA ataolewa na fundi. Mjomba akasema hata Bikira Maria aliolewa na fundi. Hapo, nasikia, hata mama aliyekuwa jikoni alicheka.

Hakubarikiwa siku ile. Baba alisema tu, "Tutaona." Wiki tatu baadaye alimpa fedha ya fomu bila kusema neno, akaiweka mezani akaondoka kwenda kuchunga.

Wewe unayesoma hili na dirisha la maombi likiwa bado wazi, wiki hii nenda kakae siku moja na mtu anayefanya kazi unayoifikiria, kisha ukae nusu saa mbele ya Ekaristi na yule mtu usiyemjua. Na kama nyumbani kuna mtu aliyekulipia ada kwa mikono yake, mpigie simu leo. Mimi nilimpigia kaka. Nilimwomba msamaha kwa ile siku ya sherehe, akasema haikumbuki. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza kama seminarini tunahitaji madirisha.

Binti alianza masomo Januari. Baba yake bado anawaambia majirani kwamba mwanawe yuko chuo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza chuo gani.